Kibodi Kutoka Newala

Isabela Nathanaeli alijifunza kuchapa kwenye taipureta ya baba yake, karani wa kanisa kule Lupaso. Alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama herufi. Alipoajiriwa na Rahima kwenye duka lake la steshenari, Masasi mjini, watu walimpelekea mihtasari ya vikao na matangazo ya ndoa kwa sababu kazi yake haikuwa na makosa.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, herufi a zikaanza kupotea.

Kanisa likatoka "knisa". Bwana harusi mmoja akaandikwa "Brnaba". Herufi hiyo hupigwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na Isabela aliapa kwamba alikuwa ameipiga.

"Kibodi hii laini mno," alimwambia Rahima. "Sijui nimebonyeza au sijabonyeza."

Rahima akaleta nyingine. Baada ya wiki mbili Isabela akasema hiyo inateleza. Ya tatu aliiazima kwa mwalimu mmoja wa Lukuledi, akairudisha, eti imelegea. Kwenye kila moja alichapa aya ileile na kuisoma. Mwezi wa Februari akasikia kwamba huko Newala kuna fundi aitwaye Hamudi, mwenye kibodi za zamani zilizotolewa maofisini. Akapanda gari asubuhi.

Hamudi alimpangia sita mezani. Isabela akafumba macho na kuzijaribu moja moja. Ya tano ilikuwa nzito, na kila kibonye kilipozama kilitoa mlio mkavu.

"Hii," alisema. "Hii naisikia."

Hamudi alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto. "Mama, hicho kidole hakinyooki?"

"Ni kuchapa kwingi tu, baba."

Kwa majuma matatu kazi ilitoka safi. Isabela alikuwa amepata kibodi yake. Alichapa kwa kufuata mlio, na mlio usipotoka alirudia. Alifurahi hata akaanza kuimba kazini.

Kisha siku moja mchana, Isabela akiwa anapitisha vyeti kwenye mashine ya moto inayovifunika kwa nailoni, Rahima alinusa hewa.

"Mama Furaha, kuna kitu kinaungua."

Wakakagua nyaya. Wakakagua soketi. Ndipo Isabela alipoona kidole chake kidogo kimeegemea chuma cha mashine, ngozi imeshavimba na kuwa nyeupe. Aliutoa mkono kwa sababu ameona, si kwa sababu ameumia.

"Hakiumi?" Rahima aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakiumi."

Rahima akazima mashine, akafunga duka, akampeleka zahanati mwenyewe.

Nesi Anjelina alifunga kidonda kwanza. Kisha akaupandisha mkono wa gauni la Isabela na kukuta baka lililofifia karibu na kiwiko. Akasokota pamba.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Isabela alisubiri. Nje mtu alikuwa akifagia.

"Hujaanza?" aliuliza.

"Nimeshakugusa mara nne, mama."

Ulikuwa ukoma. Anjelina alieleza taratibu: dawa ni za bure, atazimeza mwaka mzima, na akishaanza hatamwambukiza mtu. Lakini mshipa wa fahamu wa kiwikoni ulikuwa umeshavimba, na hisia zilizopotea huenda zisirudi zote.

"Dalili hizi zimeanza lini?"

"Julai."

"Miezi minane. Muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"

Isabela alitazama bandeji. "Nilikuwa natafuta kibodi."

Rahima, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuza uso.

Anjelina akafungua daftari. "Nyumbani unaishi na nani? Wote lazima wapimwe."

"Na binti yangu Furaha tu. Ana miaka tisa."

Kesho yake Furaha aliketi kwenye kitanda cha zahanati amefumba macho, akidhani ni mchezo. "Hapo," alisema pamba ilipogusa goti. "Hapo," ilipogusa shavu. Anjelina akazunguka nyuma yake, akamgusa mgongoni, akamgusa tena palepale. Furaha aliendelea kutabasamu, akisubiri.

Alianzishiwa dawa siku hiyohiyo.