Kioo Kilichokataa Kukatika

Wewe. Ndiyo, wewe unayesoma huku umeegemea ukuta.

Nyuma ya kalenda yako kuna ufa. Unaujua. Ulipiga msumari mwenyewe, ukatundika, ukarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imefunika. Ilipofunika ukasema afadhali.

Usibishe. Nimeingia nyumba nyingi za mtaa huu. Kalenda zenu ziko kwenye kona, ziko nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna binadamu anayesoma tarehe. Nimenyamaza vya kutosha.

Basi sikiliza. Kipande cha kioo kilikaa juu ya ufa wa nyumba yetu miezi minne. Kizima, hakina hata mkwaruzo.

Kisha nyumba ikaanguka.

Mnaniita Kipaza kwa sababu ya mdomo wangu. Sawa. Mimi ni fundi friji, ujenzi sikuusomea darasani. Niliusoma kwenye vitabu vya mitumba visivyo na majalada, na kwa kuwasumbua mafundi mpaka wananikimbia.

Na mimi sisahau. Mkandarasi aliyemjengea baba ile nyumba alilaza mabomba bila mteremko, na miaka ishirini na mbili maji machafu yakawa yanarudi kututembelea kama shemeji asiye na kazi. Sura yake naikumbuka. Hata jina la mbwa wake nalikumbuka.

Kwa hiyo niliapa: mkandarasi hatagusa tena ukuta wetu.

Shida ilikuwa mama.

Vyumba vya juu tulivijaza mimi, mke wangu na watoto. Mama alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni, mto wake anauficha asubuhi ili wageni wasijue. Kaka yangu mkubwa akatoa amri: mwaka ukiisha na mama bado yuko kwenye kochi, anamchukua. Kwake ni mji mwingine, safari ya siku nzima, mahali ambapo mama hamjui hata muuza mkaa.

Mama hakutaka kwenda. Hakusema, lakini alianza kusifia kochi.

Tulikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Giza, unyevu, mabati ya zamani, dari ya kukugonga kichwa. Lakini kilikuwa na kidirisha kinachotazama barabarani, usawa wa miguu ya watu.

"Hapo patanifaa," mama alisema. "Nitawasalimia kwa viatu vyao."

Kaka akaja na mkandarasi wake. Mwanamke, mfupi, hana maneno. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole kama daktari, akafika kwenye ukuta tunaochangia na jirani, akasimama. Palikuwa na ufa pale, mwembamba, kama mstari wa kalamu.

Akatoa kipande cha kioo cha dirisha, urefu wa kidole. Akakilaza juu ya ufa, donge la saruji huku, donge kule. Kwenye kona ya kioo akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu: 17.

"Tunasubiri mvua zipite," akasema. "Kioo kikikatika, ukuta unatembea. Hapo mnatoa watu, mnaniita. Na msichimbe karibu na huu ukuta. Msingi umeishia hapa hapa."

"Kwa hiyo kazi yako ni kubandika kioo na kuondoka?" nikamuuliza.

"Leo, ndiyo."

"Dada, nimeona matapeli wa kila rangi. Wa kubandika kioo ndiyo wewe wa kwanza."

Kaka ndiye aliyelipuka.

"Wewe ujenzi umeusomea kwenye vitabu visivyo na majalada!"

"Na wewe umeusomea kwenye viti vya ofisi. Niachie chumba cha mama yangu."

"Ni mama yangu pia, Kipaza."

"Basi shika koleo."

Hakushika. Hawashikagi.

Nikaanza. Kila siku nikitoka kazini saa tisa, na Jumamosi kutwa. Dari ilikuwa chini, na kuipandisha sikuweza, kwa hiyo nikaishusha sakafu. Sululu, koleo, ndoo, ngazi kumi na moja hadi nje. Nilichimba hadi mtu aweze kusimama wima na mkono juu. Nilichimba hadi ukutani kwa sababu mama alitaka kitanda kikae upande ule, akiamka akione kidirisha.

Msingi ulionekana. Halafu chini ya msingi ukaonekana udongo.

Mimi nilikuwa naangalia kioo. Kila siku, kabla ya ndoo ya kwanza, naangalia kioo. Kizima.

"Kipo?" mama aliuliza kila mara kutoka juu.

"Kizima, mama! Yule mwanamke ni tapeli!"

Nikaandika kwenye kundi la mtaa, mnakumbuka. *Miezi miwili, kioo kizima. Wakandarasi wanauza hofu. Shikeni sululu zenu wenyewe.* Mkanipigia makofi. Watu wawili wakaanza kuchimba kwao. Majina yenu ninayo.

Sasa jirani. Upande wa pili wa ukuta alikaa Mama Cherehani, mjane, mshonaji. Nusu ya mtaa ilivaa sare za shule kutoka mikononi mwake. Siku moja akanisimamisha.

"Kipaza, mlango wangu umeanza kukwama."

"Mvua hizo. Mbao zinavimba."

"Na vioo vya dirisha vinalia, peke yao."

Nikamshika mkono, nikamshusha chini kwa heshima zote, nikamwonyesha.

"Soma mwenyewe. Kioo kizima."

Akakitazama. Akacheka, akanipiga bega. "Basi nimezeeka. Nimeanza kusikia sauti."

Akarudi kwenye cherehani yake. Ilikaa pale pale, imeegemea ukuta wetu.

Kuna mambo mawili niliyaona siku zile.

Picha ya baba sebuleni ilikuwa haina kioo.

"Kilivunjika nikipangusa vumbi," mama alisema.

Na ile tarehe. Nakumbuka nimesimama na ndoo, natazama ile saba nyekundu, naona imekatwa mstari katikati, kama mtu aliyefunga mkanda. Nikajiuliza: hivi ilikuwa na mkanda tangu mwanzo? Ndoo ilikuwa nzito. Nikapanda ngazi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mke wangu na watoto walikuwa sokoni. Mama alikuwa nje anaanika mashuka. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya udongo.

Haikulia kama bomu, msidanganywe. Ilikohoa. Mara moja, kikohozi cha mzee. Kisha vumbi likatoka kwenye kidirisha cha chini, na ule ukuta ukakaa kitako.

Cherehani ilisimama. Hilo ndilo nililolisikia: kimya cha cherehani.

Tulimtoa Mama Cherehani kwa mikono, majirani kumi na kitu. Yuko hai. Mkono wake wa kulia ulibaki chini ya boriti hadi mchana. Leo upo, lakini haufungi hata kifungo.

Nyumba zote mbili zikapigwa rangi nyekundu, X, zisiingiwe. Wiki iliyofuata zilibomolewa.

Kabla ya kubomolewa, yule mkandarasi alikuja. Hakuitwa na mtu. Akapita kwenye kifusi, akaokota tofali lililobaki na nusu ya kioo, akakigeuza juani.

"Hiki si changu."

"Acha masihara, dada. Ni kile kile ulichobandika."

"Changu kilikuwa cha dirisha, kinene. Hiki ni chembamba, cha fremu ya picha." Akalikwangua donge la saruji kwa ukucha, likamomonyoka. "Na hii saruji haikuwa na siku mbili ukuta ulipoanguka."

Akaniwekea tofali mkononi, akaondoka. Angenitukana ningepona.

Sikwenda polisi. Nilipanda basi, safari ya siku nzima, hadi kwa kaka, alikokwisha kumchukua mama.

Mama alikuwa kwenye kiti, shuka magotini. Kabla hajastaafu alikuwa karani wa ghala la vioo, miaka kumi na tisa. Anajua kukata kioo kama wewe unavyojua kukata mkate. Na kwenye vitabu vya ghala, saba zake zote zilivaa mkanda ili zisifanane na moja.

Nikamwekea tofali mapajani.

"Mara ngapi, mama?"

Hakujifanya haelewi. "Sita. Cha kwanza kilikatika wiki ile ile uliyoanza kuchimba."

"Kwa nini?"

Akaangalia mlangoni kama mkwewe anasikia. "Sikutaka kuja huku."

Nilidhani amemaliza.

"Halafu kila ukikikuta kizima, ulipanda zile ngazi unaimba. Ulikuwa hujaimba tangu baba yako afe. Ningeukatisha wimbo huo mimi?"

Sikumfokea. Ningefoka kwa mdomo gani? Ule mkanda wa saba niliuona. Mimi, Kipaza, niliyewaambia ninyi wote kwamba mnageuza macho, niliuona nikapanda ngazi naimba.

Chumba cha kaka hakina kidirisha cha barabarani. Mama hasalimii viatu vya mtu. Nilipoondoka hakuuliza nitarudi lini.

Mtaniuliza tena, kama mnavyoniuliza kila wiki: Kipaza, tuajiri fundi au tujifanyie wenyewe?

Ajirini. Jifanyieni. Nimechoka. Mkandarasi wa baba alituibia kwa miaka ishirini na mbili. Yule mwanamke aliniambia ukweli kwa dakika tano, nikamlipisha dhambi za mwenzake. Mikono yangu ilifanya kazi safi kabisa, na ilimvunja jirani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba, mara sita, kwa upendo. Ukuta hatukuujenga.

Kioo chako akiangalie mtu asiyekupenda. Jirani mliyekosana naye. Mtu ambaye hatakuonea huruma, ambaye hajali kama utaimba.

Nyumba tano za mstari wetu bado zimesimama, na zinashikana kuta kama zetu zilivyokuwa. Wawili wenu bado mnachimba kwa sababu yangu. Mkandarasi amewapigia simu, hampokei.

Weka simu chini. Inuka. Toa hiyo kalenda.

Umeuona? Umeongezeka, sivyo?

Basi watoe watu kwanza. Sasa hivi, hata kama sufuria iko jikoni.