Shuka Nyeupe Sandukuni kwa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Mugeta kufungua sanduku la bati la bibi. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, nikalivunja kwa jembe, maana mimi ni msomi na funguo hazikai mikononi mwangu. Ndani nilikuta rozari, vipande vya sabuni vilivyokauka kama mawe, na shuka nyeupe ambayo haijawahi kukunjuliwa. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepigiwa simu kutoka Migori, upande wa Kenya: shangazi amefariki. Kaa hapa, rafiki yangu, nikueleze habari ya shuka hiyo.

Nililelewa na bibi miaka ile ambayo maduka yalikuwa na rafu na muuzaji, basi. Uji tuliunywa bila sukari, nguo tulifulia majani ya mpapai, na jioni nyumba nzima ilinuka furu wakavu wa ziwani, tuliowala na ugali wa mtama. Tulikuwa wakulima wa pamba. Tuliichuma hadi vidole vikachanika, tukaijaza kwenye magunia, ikalala ghalani ikingoja lori la kwenda Bunda, nalo lori likingoja mafuta. Kisha babu akafa, na katika kijiji kilichozungukwa na pamba hakikupatikana kitambaa cha kumzikia. Baba alikwenda Bunda kuomba kibali cha kununua shuka, akarudi na kibali bila shuka. Tukamzika babu ndani ya magunia mawili yaliyofumuliwa na kushonwa upya.

Bibi hakulia makaburini. Alilia nyumbani, akipepeta mtama. "Wamemfunga kama viazi," alisema. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni gunia.

Shangazi alikuwa binti yake wa mwisho, mcheshi, mwenye sauti iliyowazidi wanaume wa kwaya. "Mama, nyamaza," alimwambia. "Naenda Kenya wiki tatu tu. Nikipata shuka yako narudi." Akavuka mpaka kwa miguu, kupitia mashamba ya watu, akapata kazi ya kukanda chapati katika hoteli moja ya Migori. Barua yake ya kwanza niliisoma mimi, kwa kuwa nyumbani mimi ndiye niliyekuwa na macho na darasa kwa pamoja. "Huku kila kitu kipo," aliandika. Anamalizia mwezi, atarudi. Shuka ilitangulia, imeletwa na mama mmoja muuza sabuni aliyeivusha mpakani akiwa ameizungusha tumboni kama mjamzito. Katikati ya mkunjo kulikuwa na paketi ya biskuti. Hiyo ilikuwa yangu.

Mwezi haujaisha, jirani yetu alifariki akijifungua. Bibi akafungua sanduku. Baba akajaribu kumzuia.

"Mama, hiyo ni yako."

"Kwani nimekufa?" bibi akamjibu. "Basi nipishe."

Jioni yake aliniita nimwandikie barua. "Andika shuka ipo, imetulia sandukuni. Mwambie arudi, wiki tatu zilishapitaga."

Nami nilikuwa mtoto mkweli sana pale ukweli uliponifaa. Niliandika: Shangazi, shuka imetolewa, bibi hana kitu. Nilipomaliza nilimsomea bibi maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, naye akaitikia kwa kichwa.

Ikaja shuka ya pili, na biskuti. Alizikwa nayo mzee aliyewahi kumshitaki bibi kwa ajili ya mbuzi. "Hata yeye si viazi," bibi alisema. Nikaandika tena. Ilipofika ya tatu au ya nne, nikisikia mtu kijijini anaumwa, mate yalinijaa mdomoni. Safari moja shangazi aliandika: "Mwambie mama hii asimpe mtu. Nikiacha kazi nitaipata wapi nyingine?" Hilo nalo sikumsomea bibi. Yeye alikaa mlangoni akitazama njia ya Bunda, akisema, "Anatumaga vitu, mwenyewe haji. Au tulimkosea?"

Shangazi akaolewa hukohuko, akazaa hukohuko.

Nilipofika chuo kikuu niliandika insha ndefu kuhusu sababu za watu kuhamia nchi jirani yenye nafuu. Mishahara, ardhi, thamani ya fedha, vyote niliviweka, na mhadhiri akaisifu mbele ya wenzangu. Biskuti sikuzitaja.

Kufikia hapo miaka ya ruksa ilikuwa imekuja, biashara imefunguliwa, mitumba imefurika hadi minadani. Bibi alipokufa, baba aliingia duka la kwanza pale Bunda, na muuzaji akamuuliza anataka shuka ya Kenya au ya Dubai. Shangazi alifika siku tatu baada ya mazishi, amenenepa, amebeba shuka kifuani.

"Mlimzika na nini?"

"Shuka," baba akasema.

"Ya wapi?"

"Dukani. Bunda."

Shangazi akaishusha shuka kifuani. "Mimi miaka yote naandikiwa mama hana kitu."

"Nani alikuwa anaandika?" baba akauliza.

Nilikuwa na ndevu tayari. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji, na mapipa yote yalikuwa yamejaa. Niliporudi, shangazi alikuwa ameiweka shuka sandukuni. "Itamfaa mtu," alisema tu, wala hakunitazama. Kesho yake aliondoka.

Haijamfaa mtu. Siku hizi Mugeta akifa jirani, wenye msiba wanatuma pikipiki dukani, na shuka inafika kabla wengine hatujapata habari. Hakuna anayekuja kugonga mlango wenye sanduku.

Nilimpigia simu binti wa shangazi. Nikamwambia nina shuka ya mama yake, naweza kuvuka nayo kesho, na kuna jambo nilitaka kulisema kabla hawajamfunika.

"Usijisumbue, kaka," alisema, kwa upole. "Tulizika leo asubuhi. Na huku kila kitu kipo."

Shuka nimeirudisha mahali pake, na mikunjo yake. Kufuli nilishalivunja mwenyewe.