Mpiga Ngoma Aliyeingia Kanisani na Raba

Tangu ugonjwa wa sukari umkaushe ngozi, mpiga ngoma wa kanisa moja la Rusinga hukagua nyayo zake kila asubuhi kwa kioo. Visigino vilivyopasuka anavipaka vaselini, lakini katikati ya vidole hapaki kitu, maana unyevu huleta kidonda. Kliniki imemkataza kutembea pekupeku. Shida ni kanisa lao, viatu huachwa mlangoni. Jumapili akakwama hapo na raba zake, vidole vya mkono vikipiga ngoma pajani.

“Jaduong', mzee wangu, vua viatu,” pasta akamwambia.

“Pasta, hii mguu imekufa ganzi. Nikanyage msumari nisisikie, si ndio imeenda, ikatwe?”

Pasta akachuchumaa, akapangusa soli za zile raba na kanzu yake nyeupe. “Sasa ni safi. Ingia upige, tumeimba kama watu wa matanga!”

Mzee akaingia na raba zake, akaipiga ngoma mpaka kina mama wakakataa kuketi.