Boneti Inayomsubiri Kitinda

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Dada Kioo ni vifungo vya ovaroli yake: vilikuwa mgongoni. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kupokea funguo za wateja kwenye yadi ya kuoshea magari, na mimi, niliyetoka chuo juzi tu, nilidhani mama wa watu amevaa gizani. Nikamnong'oneza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanieleza kwamba kifungo cha mbele hukwaruza rangi ukiinama juu ya gari, ndiyo maana hata pete, saa na hereni huziacha nyumbani.

"Wewe na huo mkanda wako," alisema, "usisogelee gari la mtu."

Tangu siku hiyo nikawa namtazama kila nilipopata nafasi. Kazi yake ni kuondoa ile mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana jua likipiga, kama utando wa buibui uliotandwa juu ya rangi. Wenye magari husingizia matawi ya miti, kumbe huletwa na kuosha vibaya. Yeye hutumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na kitambaa kikianguka chini hakirudi tena kwenye rangi. "Marehemu huyo," husema, akakitupia kwenye kapu la vitambaa vya matairi. Kisha huwasha mashine ya polishi, sponji ikazunguka taratibu, na baada ya muda mlango uliokuwa umefifia unaonyesha mawingu.

Kwenye kona ya yadi, chini ya bati, lipo gari dogo la bluu iliyokoza, limefunikwa turubai. Si la mteja. Ni la mdogo wake wa mwisho, ambaye wote tunamjua kwa jina la Kitinda. Dada Kioo ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Kitinda alilinunua likiwa limepauka, wakalipiga polishi pamoja wiki nzima kabla hajaenda ng'ambo kuchomelea vyuma vya meli. Siku ya kuagana alimwambia dada yake kwamba akirudi anataka kwanza ajione sura kwenye boneti, ndipo amsalimie yeye. Ulikuwa utani. Huu ni mwaka wa saba, na Dada Kioo hajauchukulia kuwa utani hata siku moja.

Kila Kitinda aliposema anakuja, dada yake alifunua turubai na kukuta mikwaruzo imejaa upya, maana turubai lenyewe, likipeperushwa na upepo, husugua vumbi kwenye rangi. Akapiga polishi. Kitinda akaahirisha. Ikawa hivyo mara nne. Ndipo nilipojifunza kwamba polishi haifuti mkwaruzo. Hupunguza vanishi ya juu mpaka ilingane na kina chake, na vanishi ya gari ni ile ile moja. Mara ya nne, ukingoni mwa boneti, palitokea doa la kijivu, dogo kama punje ya haragwe. Yeye anayewakanya wateja wasirudie polishi kila mara, alikuwa ameimaliza ngozi ya gari la mdogo wake kwa kumngoja.

Jumatatu wiki hii simu ikaja. Tiketi imeshakatwa, ndege inatua Ijumaa saa nane mchana. Dada Kioo alifunua turubai mbele yetu. Boneti ilikuwa utando mtupu. Akaleta mashine, akafunga sponji mpya, akasimama nayo mkononi bila kuiwasha.

Mapovu, muoshaji wetu asiyejua kunyamaza, akasema, "Piga tu, dada. Mdogo wako akikuta bati tupu, atajiona vilevile."

Dada Kioo hakucheka. Aliniuliza mimi, kama vile chuoni hufundishwa mambo hayo, iwapo mtu anayerudi baada ya miaka saba hutazama gari kwanza au mtu. Akachomoa waya wa mashine, akauviringisha polepole, akairudisha kabatini.

Siku tatu sasa anafanya kazi kwa mkono. Ameosha, amekausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha amepaka nta nzito inayojaza mikwaruzo bila kupunguza chochote. Ila nta hiyo hudumu wiki tatu tu. Nikamuuliza mdogo wake anakaa muda gani.

"Wiki mbili," akasema, akiendelea kufuta. "Boneti zinaitosha. Mimi hazinitoshi."

Lile doa halikufichika. Mapovu alijitolea kulipaka rangi kidogo, akakatazwa. Kitinda akiuliza, ataambiwa hapo ndipo alipoahirisha mara ya nne.

Leo ni Alhamisi. Kesho saa sita tunaondoka na gari hilo kwenda uwanja wa ndege, mimi nikiendesha, kwa kuwa Dada Kioo hajawahi kujifunza, na nimeamriwa nije bila mkanda. Yeye atavaa gauni lenye vifungo mbele. Hivi sasa gari liko juani, mawingu yanapita kwenye boneti, naye anahama kutoka upande huu kwenda ule, akitafuta mahali pa kusimama ili Kitinda akiinama kujitazama aone humo sura zao wote wawili.