DVD ya Mama wa Akheri

Mimi si mtu wa subira, na kibanda changu cha Kaloleni, ambako nahamisha video za sherehe kutoka kwenye simu na flashi kwenda kwenye DVD, hakijanisaidia kuipata. Kwa hiyo mama mmoja kutoka kijijini Akheri aliporudi na DVD niliyomtengenezea, akilalamika kwamba sauti haisikiki, nilimjibu vibaya.

"Shikamoo, mama. Umeongeza sauti kwenye rimoti?"

"Marahaba. Nimeongeza mpaka mwisho."

"Basi labda ni masikio, mama. Umri nao."

Aliangalia tu mikono yake, iliyojaa madoa ya utomvu wa migomba, na mimi nikaona aibu papo hapo. Ila kuomba radhi sikuomba. Niliitia DVD kwenye deki, muziki wa mwanzo ukapiga vizuri kabisa.

"Unaona?"

"Peleka mbele," akasema. "Pale baba watoto anapopewa kipaza sauti."

Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti yao kabla ya ndoa. Mzee alisimama ndani ya koti lililomzidi, akashika kipaza sauti usawa wa tumbo kama mtu aliyeshika tochi. Midomo ilicheza, sauti hakuna. Kosa lilikuwa langu: nilijaribu dakika za muziki tu, nikafunga kazi.

"Baada ya sherehe hakukaa sana, akafariki," mama akaniambia. "Kuna maneno aliniambia mimi siku hiyo. Nimeuliza watu, hakuna aliyeyashika. Nataka niyasikie kwake mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomvutia kiti na kumwomba msamaha. Akasema hamna shida, nifanye kazi.

Nikalifungua faili kwenye kompyuta. Programu ninayotumia hupandisha sauti yote kwa pamoja, na husimama pale kelele kubwa kuliko zote inapogota juu. Sasa, sherehe zetu hizi, kelele kubwa ni ipi? Vigelegele. Vilikuwa vimeshagota, kwa hiyo mzee alibaki chini, hata ningebonyeza mara mia. Ikabidi nivishushe kimoja kimoja, halafu nipandishe maneno yaliyo katikati. Kazi ya kuchosha macho. Mama alikaa akitazama kioo cha kompyuta, mkoba mapajani.

Mzee akaanza kusikika. Alishukuru wageni, akamuusia binti. Kisha akageuka upande wa wanawake, akasema, "Na wewe, mke wangu," na hapohapo kikapanda kigelegele kimoja kirefu kikafunika kila kitu.

"Huyo ni mimi," mama akasema. Alicheka kidogo, kwa haya. "Miaka yote ananiita mama fulani, jina la mtoto wetu wa kwanza. Mke wangu, mbele za watu, ndiyo siku hiyo tu. Nilishindwa kujizuia."

Hicho hakikushushika, kwa sababu yeye na mumewe walikuwa wanatoa sauti kwa wakati mmoja. Ila kigelegele ni sauti nyembamba na mzee alikuwa na sauti nzito. Nikapunguza nyembamba yote, nikapandisha nzito. Mzee akatoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa, lakini maneno yakawa maneno.

"Ng'ombe wako nilimuuza bila kukuuliza. Ulilia, nikajifanya sioni. Nimekukosea. Nisamehe, hapa mbele ya watu wote."

Baba yangu hajawahi kumwomba mama yangu msamaha hata chumbani, sembuse kwenye kipaza sauti. Kwenye kioo mama alikuwa anacheza, mikono juu, na wenzake wamemzunguka. Mzee alibaki amesimama, akimwangalia, akingoja. Kisha akarudisha kipaza sauti, akakaa.

Mama aliomba nirudishe. Nikarudisha mara tatu. Mara ya nne akaniwekea mkono begani nisimamishe, mzee akiwa bado amesimama.

"Tulipofika nyumbani aliniuliza, 'Ulinisikia?'" akasema. "Nikamwambia nilisikia, nikacheka, nikaenda kukamua ng'ombe waliobaki. Nilidhani anaulizia lile la 'mke wangu'."

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ningejua, ningemjibu."