Kola Mbili za Shangazi

Shangazi yangu ameshona sare za shule kwa miaka thelathini, na kwa maelezo yake mwenyewe, makalio yake yanakijua kiti kuliko yeye anavyowajua wanawe. Kukaa humnyang'anya mtu miguu kimyakimya, kama mgeni anayeondoka na vijiko. Shangazi aligundua wizi huo siku alipokwenda kumtazama bintiye mjamzito, anayeishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Aliishia ya pili. Jirani wa hapo akamtolea kigoda; Shangazi akanywa maji ya watu asiowajua, akashuka.

"Usijali, mama," binti akamwambia kwenye simu. "Mtoto akizaliwa, nitamshusha umwone hapo chini."

"Mjukuu wangu hashushwi kama gunia la viazi!"

Akakata simu, akalia. Nilikuwepo. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Kwenye zahanati, mtaalamu wa viungo alimbonyeza magoti, akampa zoezi: apige hatua papo hapo, mikono ikipunga, bila kuruka. Mguu mmoja ubaki chini muda wote. Aanze na dakika kumi kila siku.

"Uweze kuongea huku unafanya, mama. Ukishindwa kuongea, pumzika."

"Mimi? Nishindwe kuongea?" Shangazi alimtazama kwa huruma.

Saa ya karakana yao ilikufa zamani, na mafundi hupima muda kwa kazi. Kola mbili za shati ni dakika kumi. Basi Shangazi akasimama kati ya meza ya kukatia na pasi, akamwambia mwenzake wa cherehani ya pili, mwanamke mwembamba tunayemwita Sindano, "Shona kola mbili. Ukimaliza, nami nimemaliza."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Wiki ya kwanza Sindano alishona kwa haki. Kuanzia ya pili, kila alipokaribia kumaliza kola ya mwisho, alifumua kidogo akaanza upya.

"Wewe, hiyo kola ya shati au ya hema?"

"Mshono umepinda, dada. Piga mguu."

"Umeupinda mwenyewe, mchawi mkubwa!"

"Si unaongea vizuri tu? Bado hujachoka."

Wiki ya tano nilipita hapo mchana mmoja nikiwa na saa mkononi. Kola mbili zilichukua dakika ishirini na saba. Nikamwambia Shangazi. Akamrushia Sindano kibonge cha uzi, kikampata sikioni.

"Kwa nini?"

"Sinema ya bure ile, dada. Mzigo wote ule unapanda na kushuka, nani angeikatiza?"

Nilidhani mazoezi yameishia hapo. Kesho yake Shangazi alisimama palepale. "Shona," akasema. "Na ufumue kama ulivyozoea."

Mtoto alizaliwa, akarudishwa nyumbani siku ya nne. Tulikwenda watatu: Shangazi, Sindano na mimi. Hadi ghorofa ya kwanza Shangazi alimtukana aliyejenga ngazi, mama yake na saruji yake. Ghorofa ya pili, jirani akatoa kigoda.

"Asante, mpe huyu," Shangazi akanisonta mimi, niliyekuwa nahema. Nilikataa kwa shida.

Ghorofa ya tatu alishika ukuta, akanyamaza. Matusi yake sikuyaogopa, lakini kimya kile kilinitisha. Ngazi zilizobaki zilikuwa kumi na nane. Nilizihesabu.

Sindano aliketi kwenye ngazi, akatoa mkobani kola nusu na sindano ya mkono. Akaanza kushona.

"Pumzika, dada, hakuna haraka. Ila hii sijaimaliza."

Shangazi alihema. Akahema tena. Tukangoja.

"Mchawi mkubwa," akasema hatimaye.

Kumbe anaweza kuongea. Akapanda.

Binti alifungua mlango, akamtazama mama yake, akatazama ngazi, akatutazama sisi. Akamweka mtoto mikononi mwake.

Nyuma yangu, Sindano alikata uzi kwa meno.