Plaka Aliyotoka Nayo Mocímboa

Kila asubuhi, akishafungua duka lake la kutengeneza kompyuta karibu na soko la Palma, Faquir huchomoa plaka kwenye mashine yake, huisugua meno kwa kifutio cha shule, hupuliza uchafu wa kifutio, kisha huirudisha mahali pake. Meno ni ile safu ya rangi ya dhahabu inayoingia kwenye mashine. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula vyuma. Lakini haili chuma kwa siku moja. Mkewe Nadia, ambaye hushinda mlangoni akidarizi kofia, alishaacha kumwambia hivyo.

Plaka ndiyo inayoichorea kompyuta picha kwenye kioo. Video za harusi, michezo, michoro ya nyumba, vyote hupita humo. Hupita tu, havikai. Picha hukaa kwenye diski. Faquir amewaeleza wateja jambo hilo mara nyingi, na kila mara kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka.

Plaka yenyewe alitoka nayo Mocímboa da Praia mwaka 2020. Alikuwa na duka kule, njia ya kwenda bandarini, na plaka alikuwa ameinunua miezi michache tu kabla. Mji mzima hapakuwa na nyingine ya kuishinda. Siku vita ilipoingia mjini, alikuwa na dakika chache na bisibisi mkononi. Aliifungua mashine, akatoa plaka, akaifunga kwenye kapulana ya Nadia, kitambaa chake cha kujifunga kiunoni, wakatoka. Walitembea hadi Mueda, wakapata gari la Pemba, wakakaa kule miaka mitatu kabla ya kuja Palma kufuata riziki ya kazi za gesi. Siku walizolala bila kula, plaka ilikuwa pale pale ndani ya kapulana. Hakuiuza.

Diski ilibaki kwenye mashine. Humo ndimo zilimokuwa picha zote za binti yao Sumaia, aliyekufa kwa malaria mwaka mmoja kabla ya siku ile, akiwa na miaka sita. Faquir mwenyewe ndiye aliyezihamisha kutoka kwenye simu ili zisipotee. Duka liliungua. Hadi leo watu humwita Baba Sumaia, na mkewe Mama Sumaia, naye huitika. Sura ya mtoto haipo popote pa kuiangalia.

Mwezi uliopita akaja Osvaldo, mchoraji wa ramani za nyumba, na boksi kwapani.

"Mestre, fundi wangu, plaka hii nimeagiza Dar. Ya juzi juzi," alisema. "Ofisini nina mashine mbili. Moja nitaitia hii. Ya pili nitanunua hiyo yako, kama bado ina nguvu. Zipime zote mbili kwa mchoro wa nyumba moja, halafu uniambie ukweli."

Mzee Ussene, fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, akacheka bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Senhor Osvaldo, samaki wako unampa paka akupimie?"

"Huyu paka namwamini, mzee."

"Haya. Mimi cherehani yangu ni ya mwaka sabini na mbili, na bado inashona. Faquir, mwambie na hiyo."

Faquir alianza siku ile ile, saa nne, umeme ukiwa umetulia. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na kibaraza, jua likipiga ubavuni. Aliitia plaka mpya kwanza. Picha ilikamilika kwa dakika sita. Akaitoa, akaitia ya kwake. Dakika arobaini na nne, feni ikilia kama kinu cha kusaga. Aliandika yote mawili kwenye daftari.

Kazi ilikuwa imekwisha. Jibu lilikuwa limeshapatikana kabla ya adhuhuri. Lakini kesho yake alipima tena, na keshokutwa. Aliifungua plaka yake, akaipaka dawa mpya ya kupoza, akang'oa vumbi katikati ya mapanga ya feni kwa sindano ya Nadia, akaacha ubavu wa mashine wazi ili hewa iingie. Ikashuka hadi dakika arobaini na moja. Mpya ilibaki kwenye sita. Nadia alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, uzi mdomoni. Alijua mumewe anapima nini hasa. Plaka ile ikiwa bado na thamani, basi siku ile Mocímboa hakukosea sana.

Ijumaa, baada ya swala, Osvaldo alirudi. Alisoma daftari kuanzia juu hadi chini.

"Umeokoa dakika tatu, mestre. Hongera. Sasa jaribu hii." Akampa nyumba nyingine, yenye miti, viti, mapazia, na gari uani.

Plaka mpya iliichora kwa robo saa. Ya Faquir ilianza, ikasimama, kisha kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba kumbukumbu yake haitoshi. Alijaribu mara ya pili. Maandishi yale yale.

"Basi," alisema Osvaldo, kwa upole. "Usijiumize. Hata ukinipa bure itanikwamisha. Waachie watoto wachezee mpira wao wa kwenye kioo."

"Mimi nilisema cherehani, sikusema plaka," akasema Mzee Ussene kutoka kibarazani, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Osvaldo alilipa kazi ya kupima, akachukua boksi lake, akapanda pikipiki. Faquir aliiweka plaka juu ya meza. Alikaa akingoja kuona kama kuna kitu kitakachomuuma. Hakikumuuma kitu. Alisikia cherehani ya jirani, alisikia wauza samaki wakibishana bei, akaona kucha yake ina vumbi jeusi, akaitoa vumbi kwa ncha ya bisibisi.

Nadia aliiweka kofia mapajani. Miaka mitano hakuwa ameuliza, si Mueda, si Pemba, si hapa.

"Baba Sumaia. Siku ile bisibisi ulikuwa nayo. Kwa nini hukutoa diski?"

Faquir aliendelea kuitazama kucha yake.

"Plaka ilikuwa mpya," alisema. "Niliona ndiyo yenye bei."